UZI: Mtoto wa Kenya kuasiliwa na familia ya ng'ambo. Turuhusu ama tufunge kabisa?

1/ Hii hoja haiishi. Kila mara kukitokea kesi ya mtoto aliyepotea ama makao ya watoto yaliyofungwa, mtu anasimama jukwaani aseme "watoto wetu wanauzwa nje", mwingine anamjibu "nyinyi mnawanyima watoto familia". Makofi huku, matusi kule, hakuna anayeeleza safari yenyewe inavyoenda. Leo tuipite hatua kwa hatua. Kama kawaida ya hizi nyuzi, hakuna jina la mwanasiasa wala chama.

2/ Kwanza maneno, manake hapa ndipo watu huchanganya. Kuasili ni kumfanya mtoto kuwa wako kisheria, milele. Anapata jina lako, anakurithi kama uliyemzaa, na uhusiano wa kisheria na wazazi wa kwanza unakatika. Ulezi ni kitu kingine. Mlezi anamtunza mtoto na kumfanyia maamuzi, lakini mtoto anabaki wa kwao. Hiyo tofauti ishike, itatufaa huko mbele.

3/ Sasa sheria. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Hague wa 1993 kuhusu uasili wa kimataifa mwaka 2007. Mkataba huo hausemi uasili wa nje ni mzuri ama mbaya. Unaweka foleni. Kwanza wazazi wake mtoto. Wakishindwa, jamaa zake. Jamaa wakikosekana, familia nyingine nchini. Familia ya ng'ambo inafikiriwa pale ambapo hakuna familia inayofaa hapa nyumbani.

4/ Mkataba huohuo unasema idhini ya mzazi isinunuliwe kwa pesa, mama asitoe idhini kabla mtoto hajazaliwa, na asiwepo mtu wa kupata faida isiyofaa kwenye hiyo shughuli. Na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, inasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu. Si maslahi ya makao, si ya serikali, si ya wanandoa waliosubiri mtoto miaka kumi.

5/ Tufuate safari. Tuseme ni mume na mke kutoka Italia, miaka ya kabla ya 2014. Wanaanzia kwao: wanachunguzwa nyumba, afya, mapato, rekodi ya polisi, hadi mamlaka ya kwao iseme wanafaa. Faili ndiyo inakuja Kenya. Wao wenyewe hawaji kwanza kuchagua mtoto kama mtu anayechagua kiatu Gikomba. Wanaolinganisha familia na mtoto ni watu wa Kenya.

6/ Upande wa mtoto nao una safari yake. Tuseme ameokotwa kando ya barabara akiwa mchanga. Anaandikishwa kituo cha polisi kwenye OB. Anapelekwa hospitali, halafu makao ya watoto, kwa amri ya korti. Polisi wanatafuta jamaa zake. Miezi sita ikipita bila mtu kupatikana, wanatoa barua ya mwisho. Hapo ndipo shirika la uasili lililosajiliwa linaweza kumtangaza kuwa yuko huru kuasiliwa.

7/ Hiyo barua ya mwisho ya polisi ndiyo mlango. Wenye uzi huu, mkisahau mengine yote, kumbukeni hii. Kama afisa alizunguka kweli, akauliza chifu, akauliza hospitali, akauliza soko la karibu, basi mtoto hana mtu kweli. Kama alikaa ofisini akasubiri miezi sita iishe, kuna uwezekano nyanya yake yuko kijiji cha tatu anamlilia. Karatasi mbili zinafanana kabisa. Ukweli ulio nyuma yake haufanani.

8/ Tuendelee. Familia inafika Nairobi, inakutana na mtoto. Sheria ya Watoto ya 2001 ilitaka mtoto akae nao, hapahapa Kenya, miezi mitatu mfululizo kabla hata ya kupeleka ombi Mahakama Kuu. Kwa hivyo wanakodi nyumba. Wanajifunza mtoto analalaje, anakula nini, analia kwa sababu gani. Afisa anakuja kuwaangalia. Mtoto naye anajifunza sauti mpya na harufu mpya.

9/ Halafu korti. Jaji anamteua mtu wa kusimama upande wa mtoto peke yake, asiyefungamana na makao wala wazazi wapya. Anachunguza, anaandika ripoti. Jaji akiridhika anatoa amri. Inafuata cheti cha mtoto, pasipoti, viza. Safari nzima ilikula miezi mingi, na kuna familia ambapo mmoja alirudi kazini kwao na mwingine akabaki hapa na mtoto.

10/ Kisha ile siku ya ndege. Kwa familia, wanarudi nyumbani. Kwa mtoto, anaondoka nyumbani. Mambo yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na mjadala wetu huharibika tunapolazimisha moja liue lingine. Mtoto wa miaka mitatu anayeongea Kiswahili anashuka mahali ambapo hakuna mtu anajua "niko na kiu" ni nini. Anapata pia mama na baba ambao hawabadilishwi kila zamu ikiisha.

11/ Na karatasi je? Huku ndiko watoto wengi waliumizwa bila kelele. Marekani, kwa mfano, ilikuja kutoa uraia wa moja kwa moja kwa watoto walioasiliwa kupitia sheria iliyoanza kazi Februari 2001. Waliokuwa wameshafika miaka 18 siku hiyo waliachwa nje. Wengine waligundua wakiwa watu wazima kwamba wazazi wao hawakumaliza makaratasi. Mwaka 2016 mwanamume aliyechukuliwa Korea Kusini akiwa mtoto mdogo alirudishwa huko akiwa na miaka zaidi ya 40. Lugha haijui.

12/ Korea Kusini yenyewe ilipeleka nje zaidi ya watoto 140,000 tangu vita vya miaka ya 1950. Machi 2025 tume ya ukweli ya nchi hiyo ilisema serikali ilikiuka haki za watoto: kuna walioandikwa yatima na wazazi wako hai, kuna waliobadilishiwa utambulisho. Leo wengi wa hao watoto ni watu wazima wanaotafuta mama zao kwa vipimo vya DNA. Faili ikidanganya mara moja, inadanganya maisha yote.

13/ Kwetu Afrika Mashariki, mfano ni jirani. Uganda ilitaka mgeni akae nchini miaka mitatu kabla ya kuasili. Watu wakapata njia ya panya: wanaomba amri ya ulezi tu (nilisema tutairudia), wanaondoka na mtoto, wanaenda kumwasili kwao. Kuna wazazi walioamini mtoto ameenda kusomeshwa na atarudi. Mwaka 2016 sheria ilibadilishwa: muda ukashushwa hadi mwaka mmoja na njia ya ulezi kwa wageni ikafungwa. Agosti 2020 Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda kwa sakata ya uasili.

14/ Malawi ilipitia mjadala tofauti. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilimkatalia mwanamuziki Madonna kuasili mtoto wa pili kutoka huko, kwa sababu hakuwa mkaazi. Miezi michache baadaye mahakama ya juu zaidi ikamkubalia. Swali lilikuwa lilelile: sharti la ukaaji linamlinda mtoto, ama linamfungia nje? Na tajiri maarufu akipita, je, fundi wa kawaida angepita?

15/ Kenya ikafanya nini? Novemba 2014 Baraza la Mawaziri lilisimamisha uasili wa watoto wa Kenya na wageni, likataja hofu ya biashara ya watoto. Septemba 2019 likarudia msimamo huo. Sisi si peke yetu: Ethiopia ilipiga marufuku Januari 2018, na China ikafunga mpango wake 2024, ikibakiza jamaa wa karibu tu. Marekani ilipokea karibu watoto 23,000 mwaka 2004. Mwaka 2023 hawakufika 1,300.

16/ Wanaounga mkono kufunga wana hoja nzito. Pesa ya nje ikiingia mahali penye umaskini, huunda "yatima" wasiokuwepo. Mama anayeshindwa na kodi ya nyumba hahitaji kupokonywa mtoto, anahitaji kodi. Na mtoto akishavuka mpaka, afisa wa watoto wa Kenya hawezi kubisha mlango kule aone anaendeleaje. Kosa likifanyika hapa nyumbani unaweza kulirekebisha. Likishapanda ndege, ni ngumu.

17/ Wanaotaka kufungua nao wana hoja nzito. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watoto zaidi ya 40,000 wanaishi kwenye makao nchini. Si wote hawana jamaa, wengi wanao. Lakini wapo ambao kweli hawana, na kati yao kuna wenye ulemavu, wenye maradhi ya kudumu, ama waliofika miaka saba, minane. Familia za hapa nyingi huomba mtoto mchanga mwenye afya. Kwa huyu mwingine, kufunga mlango wa nje bila kufungua wa ndani ni kumwambia akae makao hadi miaka 18.

18/ Na miaka 18 ikifika? Anatoka na mfuko wa nguo. Hana shamba la ukoo, hana mjomba wa kumpigia simu, na akienda kuomba kitambulisho anaulizwa babako ni nani na kwenu ni wapi. Ndiyo, Katiba kifungu cha 14 inasema mtoto aliyeokotwa Kenya, anayeonekana chini ya miaka minane na wazazi hawajulikani, anahesabiwa raia wa kuzaliwa. Kati ya hicho kifungu na dirisha la msajili kuna foleni ndefu.

19/ Safari inaenda kinyume pia. Mkenya anayeishi ng'ambo akiasili mtoto huko, kifungu cha 15 cha Katiba kinampa mtoto haki ya kusajiliwa kuwa raia wa Kenya akiomba. Hapo sisi ndio "familia ya nje" inayorudi nyumbani na mtoto wa watu. Sijawahi kusikia mtu akilia jukwaani kuhusu huyo mtoto. Kanuni tunayotaka wengine watufuatie, tuifuate.

20/ Kitu kingine: kuasili si njia pekee. Sheria ya Watoto ya 2022 inatambua kafala, ambayo Waislamu wa Pwani, Kaskazini Mashariki na kwingine wanaijua vizuri: unamlea mtoto kama wako lakini nasaba yake haifutwi. Kuna malezi ya muda. Kuna jamaa, ambao ndio wamelea watoto wengi wa nchi hii bila karatasi wala posho. Serikali ina mkakati wa 2022 hadi 2032 wa kuhamisha watoto kutoka makao kwenda kwenye familia. Mkakati ni bajeti. Bila bajeti ni kijitabu.

21/ Msimamo wangu, mkiuliza: mlango wa nje usifunguliwe kabla ule wa ndani haujafanya kazi. Lakini "tumefunga" haiwezi kuwa jibu la miaka na miaka kwa mtoto ambaye kila mwaka unaopita unamtoa kwenye umri wa kuchukuliwa. Serikali inayosema mtoto abaki inabeba wajibu wa kuonyesha anabaki na nani. Akibaki na kitanda namba 14 pekee, hatujamlinda, tumemhifadhi.

22/ Kwa hivyo mgombea akija kwenu na hii hoja, msimwache na "watoto wetu". Mulizeni: Makao ya kaunti hii yana watoto wangapi, na wangapi wana jamaa wanaojulikana? Nani anakagua ile barua ya mwisho ya polisi? Familia ya Kenya inayotaka kuasili inasubiri muda gani, na kwa gharama gani? Afisa wa watoto wa hapa ana gari na mafuta? Aliyeasiliwa akiwa mkubwa akitaka kuona faili yake, ataipata wapi?

23/ Mwenye majibu ya hayo matano amefikiria. Asiyekuwa nayo amekuja kuomba kura kwa kutumia mtoto asiyeweza kupiga kura. Kama uliasiliwa, ulilelewa makao, ama umewahi kuasili, mchango wako unahitajika hapa chini, ila usiweke jina wala picha ya mtoto yeyote. Uzi ujao: mgao wa kaunti, kwa nini huchelewa kila mwaka. Tuonane.