Samaki Msafishaji

Fungueni madaftari yenu, tuanze somo la leo.

Ninyi mkaao Kilwa, Songo Songo, Mchinga na Lindi, ambao huzamia pweza mwambani, huenda mmemwona samaki mdogo, mrefu kama kidole, mwenye mstari mweusi tangu mdomoni hadi mkiani na rangi ya buluu ubavuni. Wataalamu humwita Labroides dimidiatus. Sisi tutamwita msafishaji, kwa sababu ya kazi yake.

Kazi hiyo ni nini? Samaki wa baharini husumbuliwa na wadudu wadogo wanyonyao damu, kama kuku asumbuliwavyo na utitiri. Samaki hana mkono wa kujikunia. Basi huenda kwa msafishaji. Huyu ana mahali pake mwambani, na wageni humfuata hapo hapo, kama watu wamfuatavyo kinyozi chini ya mwembe. Hata chewa, alaye samaki wadogo, hufika akatulia na kufungua kinywa. Msafishaji huingia, hula wadudu, akatoka salama. Mwaka 1996 mtaalamu Alexandra Grutter alitangaza hesabu aliyoifanya huko Australia: msafishaji mmoja hula wadudu wapatao 1,200 kwa siku.

Dume mmoja hukaa na majike kadhaa. Dume akifa, jike aliye mkubwa kuliko wenzake hugeuka kuwa dume, akashika mahali pake.

Sasa tutazame jambo la pili. Katika miji mingi ya dunia wako watu wafugao samaki wa baharini nyumbani, katika tangi la kioo lenye maji ya chumvi. Pwani ya Kenya samaki huvuliwa kwa biashara hiyo, na msafishaji ni mmoja wao. Mnunuzi humpenda kwa uzuri wake. Lakini ndani ya tangi samaki ni wachache, na wadudu ni wachache pia. Wakiisha, msafishaji hana chakula. Wengine hujifunza kula nyama ya kamba iliyokatwakatwa. Lakini wengi hukonda, wakafa.

Jamaa zake wengine hufugika vizuri zaidi, mfugaji akijua desturi zao. Kwanza, wako walalao ndani ya mchanga usiku. Hao watakiwa mchanga laini, kina chake kama vidole vinne. Pili, wakishtuka huruka nje ya maji. Kwa hiyo tangi liwe na mfuniko. Tatu, wengi wao hula kaa na kamba wadogo. Basi wasiwekwe pamoja.

Ndugu msomaji, huenda siku moja mtu atakujia ufukweni akuambie, "Nitafutie wale wadogo wenye mstari, nami nitakulipa." Kabla hujajibu, kumbuka habari hii. Huko Australia wataalamu waliwaondoa wasafishaji katika miamba kadhaa kwa muda wa miaka minane na nusu, wakawaacha katika miamba mingine. Mwaka 2011 walitangaza matokeo. Mahali palipokuwa na samaki 100 katika mwamba wenye wasafishaji, mwamba usio nao ulikuwa na samaki 63 hivi.

Mvuvi wa dema au wa mshipi hauzi msafishaji sokoni. Lakini chewa amwuzaye ametunzwa na huyo mdogo. Fedha ya msafishaji utaipata mara moja. Hasara yake itaingia katika dema lako mwaka hata mwaka.

Maswali
1. Kwa nini chewa hamli msafishaji aingiapo kinywani mwake?
2. Kwa nini msafishaji hukonda katika tangi la kioo?
3. Ikiwa msafishaji hula wadudu 1,200 kwa siku, atakula wangapi kwa juma moja?

Jadilianeni, kisha andikeni majibu. Mwalimu wenu wa kisomo atayasahihisha. Kwaherini.