Kutoa Mada Mbele ya Wasikilizaji wa Kwingine: Msemaji wa Lubumbashi katika Afrika Mashariki

Kiswahili kilipokelewa kuwa lugha rasmi ya SADC mwaka 2019, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kwa hiyo, mwanafunzi au mwalimu wa kwetu ana sababu zaidi ya kujiandaa kusimama mbele ya wenzake wa Dar es Salaam, Nairobi au Zanzibar na kutoa mada kwa Kiswahili. Wengi hudhani kwamba lugha ikiwa moja hakuna mpaka wa kuvuka. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mpaka upo, na kwamba msemaji hauvuki kwa kuficha anakotoka, bali kwa kumwandaa msikilizaji wake.

1. Neno moja, masikio mawili

Mwandishi wa makala haya aliwahi kutoa mada, katika mkutano mmoja wa Afrika Mashariki, kuhusu maisha ya wafanyakazi wa zamani wa migodi ya Katanga. Nilisoma maneno ya mzee mmoja jinsi alivyoyasema: «Nilitumika mu kampani myaka makumi tatu.» Hapa Lubumbashi hakuna asiyeelewa: mzee alifanya kazi miaka thelathini. Ukumbini watu walitazamana. Wao walisikia kwamba mzee alitumiwa kama chombo. Mmoja akauliza kama hayo yalikuwa malalamiko yake dhidi ya wakoloni. Nilifadhaika, nikaanza kuyasahihisha maneno ya mzee kana kwamba yeye ndiye aliyekosea. Usiku ule niliona aibu, maana nilikuwa nimemnyang'anya ushahidi wake mbele ya watu.

Kosa halikuwa la mzee, wala la wasikilizaji, lilikuwa langu. Ingetosha kutangulia kusema: «Kwetu, kutumika ni kufanya kazi, na ni jamaa ya maneno mtumishi na utumishi mnayoyajua.» Hapo neno lisingekuwa tena kikwazo, bali jambo la kujifunza. Ndivyo ilivyo kwa masomo, ambayo kwetu humaanisha pia shule. Kwa njo, ambayo hufanya kazi ya ndiyo. Na kwa bantu na bintu mahali pa watu na vitu.

Kanuni ni hii: mada yenyewe isemwe kwa Kiswahili sanifu, maneno ya watu tuliowahoji yabaki kama walivyoyasema, na maelezo yatangulie dondoo, yasiifuate.

2. Salamu na mpangilio

Jambo, ambayo ni salamu yetu ya kila siku, huko Tanzania husikika kama salamu ya kumpa mtalii. Kijana humwamkia mkubwa wake shikamoo. Ukumbini, msemaji humtaja mwenyekiti na wageni wa heshima kwa vyeo vyao; wakiwa wengi, hufupisha kwa kusema «itifaki imezingatiwa». Asiyejua hayo huonekana mkavu, hata kama moyo wake umejaa heshima.

Mpangilio wa hoja nao ni urithi. Sisi tuliolelewa katika mapokeo ya Kifaransa huleta swali kutoka mbali, hutangaza mpango wa sehemu mbili au tatu, na huliweka jawabu hadi mwisho. Waliosomea katika mapokeo ya Kiingereza mara nyingi hutarajia kuambiwa mapema mtafiti amegundua nini. Aliyepewa dakika 20 akatumia 10 kueleza historia ya swali, hatasikika vema atakapofika kwenye jawabu, kwa kuwa mwenyekiti atakuwa tayari anatazama saa. Yafaa basi kutoa jawabu kwa sentensi mbili mwanzoni, kisha kutangaza mpango kama tulivyozoea. Njia hii haivunji mapokeo yetu, inayakaribisha mengine.

3. Tarakimu na saa

Hapa makosa huwa ya kimyakimya. Aliyezoea uandishi wa Kifaransa akiona ubaoni «tani 1,250» husoma tani moja na robo. Mwenzake wa Nairobi husoma tani elfu moja mia mbili na hamsini. Bilioni ya Tanzania ni milioni elfu moja, ambayo sisi huiita milyari. Bali bilioni ya Kifaransa ni milioni mara milioni. Tarakimu muhimu itamkwe kwa maneno, tena polepole.

Kuhusu saa, wengi wetu mjini Lubumbashi tumezoea kuzitaja kwa Kifaransa. Ukiambiwa utasema «saa nane mchana», ujue ni saa 14 kwa hesabu ya Kifaransa. Kumbuka pia kwamba saa za Dar es Salaam zimetangulia za Lubumbashi kwa saa moja.

4. Maswali

Swali huenda likaulizwa kwa lafudhi na kasi usizozizoea. Lirudie kwa maneno yako kabla ya kulijibu: utajua kama umelielewa, na utapata nafasi ya kufikiri. Kicheko kikizuka kwa sababu ya neno lako, usikimbilie Kifaransa. Atakayefanya hivyo atakuwa amekubali kwamba Kiswahili ni mali ya wengine, naye amekiazima tu. Eleza neno, kisha endelea.

Hitimisho

Zoezi moja lafaa kuliko mashauri mengi. Kabla ya kusafiri, isome mada yako kwa sauti mbele ya mtu asiye wa Katanga. Hata mwenzako wa Bukavu anatosha, kwa kuwa Kiswahili chake si chako kabisa. Mwombe ainue mkono kila neno linapomsimamisha. Usiyafute maneno hayo yote. Yaliyo yako, yabadilishe. Yaliyo ya mashahidi wako, yaandalie maelezo. Mzee aliyetuamini na maisha yake hakutuomba tumfanye aseme kama mtu wa Unguja. Alitutuma tumfikishe.