Mwanga wa Buluu Unavyogandisha Kizibo cha Jino

Mgonjwa kutoka Kibeta, Manispaa ya Bukoba, anapozibwa jino kwa dawa ya rangi ya jino, huona ute laini ukiingizwa katika tundu, kisha taa ya mwanga wa buluu ikielekezwa hapo. Baada ya sekunde chache ute huwa mgumu. Wengi hudhani kuwa taa huukausha kwa joto. Sivyo.

Ute huo una chembe za kioo na molekuli ndogo ziitwazo monoma. Monoma mashuhuri, Bis-GMA, ilipewa hataza nchini Marekani mwaka 1962 kwa jina la Rafael Bowen. Humo pia mna kiamshi, aghalabu kamfokwinoni, kinachofyonza mwanga wa takriban nanomita 470. Kikishaufyonza, monoma huanza kuungana hadi kuwa mtandao mmoja mgumu, yaani polima.

Mwanga hupungua nguvu kadiri unavyozama. Kwa hiyo dawa ya kawaida huwekwa kwa matabaka ya milimita 2, na kila tabaka humulikwa kwa muda ulioelekezwa na mtengenezaji. Tabaka nene, ncha ya taa iliyochafuka au betri iliyochoka huacha kizibo kigumu juu, laini chini. Kizibo cha namna hiyo huvuja, na jino huweza kuoza tena bila kuonekana.

Hewa ikinaswa ndani ya dawa huacha vitundu, na katika jino vitundu ni kasoro. Katika tiba ya mfupa, kinyume chake, vitundu hutafutwa. Watafiti huchanganya monoma na chembe za chumvi, humulika, kisha huosha kwa maji. Chumvi huyeyuka na kuacha polima iliyo kama sifongo, ambamo seli na mishipa ya damu huweza kupenya.

Elimu hii ina uzito zaidi leo. Mkataba wa Minamata wa 2013 unataka matumizi ya vizibo vya zebaki yapungue. Mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana visitumike kwa watoto walio chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa mtaalamu aonapo ni lazima.

Mhudumu aikague taa mara kwa mara na avae miwani ya rangi ya chungwa. Mgonjwa asiogope, kwa kuwa taa hii si eksirei. Afumbe macho tu, na arudi kliniki mapema jino likiuma anapotafuna.