Bonde la Willamette: Baridi Iliyozaa Neema

Wahenga walinena kwamba mvumilivu hula mbivu. Katika Bonde la Willamette, jimbo la Oregon nchini Marekani, methali hiyo yaweza kuaguliwa na mkulima yeyote wa zabibu. Bonde hilo limekaa kati ya Milima ya Pwani na Milima ya Cascade. Mvua za majira ya baridi ni nyingi, na hata wakati wa kiangazi usiku huwa na ubaridi. Zabibu huchelewa kuiva, na ucheleweo huo ndio uliolipatia bonde sifa.

Mwaka 1965 kijana David Lett, aliyesomea kilimo cha mizabibu huko Davis, California, aliwasili na vipandikizi vipatavyo 3,000. Wataalamu walikuwa wamemwonya kwamba mvua na jalidi vingemtia hasara. Yeye alishikilia kwamba zabibu ya Pinot Noir, ambayo kwao ni Burgundy, Ufaransa, haitaki joto jingi. Joto likizidi, sukari hujaa upesi kabla harufu na ladha hazijakomaa. Penye ubaridi tunda huiva taratibu na kubaki na uchachu wake. Mwaka uliofuata aliihamishia mizabibu yake kwenye vilima vya Dundee, penye udongo mwekundu uliotokana na volkano.

Mwaka 1979, katika mashindano ya kuonja divai mjini Paris, divai yake ya mwaka 1975 ilihesabiwa miongoni mwa kumi bora za aina hiyo. Robert Drouhin, mfanyabiashara wa divai wa Burgundy, aliitisha mashindano mengine mwaka 1980. Divai ya Lett ikawa ya pili, nyuma ya divai moja ya Drouhin mwenyewe. Mwaka 1987 familia ya Drouhin ilinunua ardhi papo hapo Dundee.

Miji nayo ilikuwa ikipanuka, na vilima vingeweza kugeuzwa viwanja vya nyumba. Sheria ya ardhi ya Oregon ya mwaka 1973 iliwekea miji mipaka na kuhifadhi mashamba. Leo bonde lina mamia ya viwanda vya divai, vingi vikiwa vidogo.

Hata hivyo, neema hiyo imeanza kujaribiwa. Moshi wa mioto ya misitu ya Septemba 2020 uliharibu zabibu nyingi, na wengine waliacha kabisa kutengeneza divai nyekundu mwaka huo. Tarehe 28 Juni 2021 joto mjini Salem lilifikia digrii 47 za Selsiasi. Kwa hiyo wapo wakulima wanaopanda mizabibu juu zaidi vilimani na kuyaacha majani yavipe vichala kivuli. Waliotangulia walilitafuta jua katika bonde hilo. Warithi wao sasa wanajifunza kuilinda baridi.