Mahindi, Chokaa na Chapati: Meza ya Kimeksiko Mjini Kampala

Mgahawa wa Kimeksiko wa mtaani ni nusu mgahawa, nusu baa. Menyu yake ni fupi: taco, burrito, quesadilla, nachos, maharagwe na wali, kachumbari za aina mbili tatu, bia baridi na vinywaji vya tequila. Kampala ina migahawa michache ya namna hiyo, na huelekea kufunguliwa kwenye vitongoji vya starehe, kama upande wa Kisementi huko Kololo au kando ya barabara ya kwenda Ggaba. Wateja huketi uani au barazani, huagiza sahani za kuchangia, na kinywaji hutangulia chakula.

Kwa mlaji wa Kampala, ugeni wa chakula hiki umo zaidi katika majina kuliko katika viambato. Sehemu kubwa ya kinachowekwa mezani hulimwa Uganda na huuzwa kila siku katika masoko ya Nakasero, Kalerwe na Owino, kwa sababu asili ya mazao yenyewe ni Meksiko na nchi zinazoizunguka. Kinachotofautisha meza hizi mbili ni matayarisho, na tofauti kubwa kuliko zote imo katika mahindi.

Mazao ya asili moja

Mahindi yalitokana na nyasi ya porini iitwayo teosinte, ambayo wakulima wa bonde la mto Balsas, kusini-magharibi mwa Meksiko, waliibadilisha polepole kuwa zao kuanzia yapata miaka 9,000 iliyopita. Maharagwe ya kawaida yalianza kulimwa mahali pawili mbalimbali: Meksiko na milima ya Andes. Parachichi, ambalo Kampala huitwa zaidi ovakado, ni tunda la Meksiko na Amerika ya Kati. Nyanya za porini zilitoka Andes, lakini Meksiko ndiko zilikokuja kuwa zao la jikoni. Pilipili hoho na jalapeño ni za jamii moja, nayo pia ilianza kulimwa Meksiko. Kuanzia karne ya 16 merikebu za Wareno zilifikisha mazao mengi ya Amerika kwenye pwani za Afrika, na misafara ya biashara ikayapeleka bara.

Kundi la pili la viambato lilisafiri kuelekea upande mwingine. Wahispania waliingia Meksiko mwaka 1519 na kuuteka mji mkuu wa Waazteki, Tenochtitlan, mwaka 1521. Walileta ngano, mchele, vitunguu, ng'ombe, nguruwe, kuku, ndimu, bizari nyembamba na giligilani. Kwa hiyo taco ya nyama ya ng'ombe yenye kitunguu na ndimu ni chakula cha baada ya uvamizi huo, si cha Waazteki. Uganda ilikuwa na baadhi ya vitu hivyo tangu kale, kama ng'ombe, na vingine ilivipata kwa biashara ya pwani na kwa Wahindi. Makundi yote mawili yamekutana katika jiko la Kampala kama yalivyokutana katika jiko la Meksiko.

Ndiyo maana mchanganyiko uitwao pico de gallo haumshangazi Mganda: ni nyanya, kitunguu, pilipili mbichi, giligilani, chumvi na ndimu, yaani kachumbari iliyokatwa ndogo zaidi. Guacamole ni parachichi lililopondwa pamoja na viungo hivyohivyo. Hapo jamii ya tunda huleta tofauti. Maparachichi makubwa ya kienyeji yana maji mengi na mafuta machache kuliko Hass, aina ndogo yenye ganda la kukwaruza inayolimwa Uganda kwa ajili ya soko la nje. Hass hutoa guacamole nzito; ya kienyeji hutoa laini na nyepesi zaidi, na ni afadhali ipondwe karibu na wakati wa kula.

Chokaa ndani ya chungu

Katika Uganda mahindi huliwa zaidi kama posho, au kawunga kwa Waganda: unga mweupe uliokobolewa na kusongwa kwa maji ya moto. Ni chakula cha shule, kambi na magereza, na mwenzake wa kila siku ni maharagwe. Meksiko hutumia nafaka hiyohiyo kwa njia nyingine kabisa. Punje kavu huchemshwa kwenye maji yenye chokaa ya chakula, kiasi cha asilimia 1 ya uzito wa mahindi, kisha huachwa zilowe usiku kucha. Asubuhi huoshwa hadi maganda yatoke, na husagwa zikiwa bado mbichi. Mahindi yaliyotayarishwa hivyo huitwa nixtamal, na donge linalopatikana huitwa masa. Njia hii ina zaidi ya miaka 3,000.

Chokaa hufanya kazi tatu. Kwanza, huyeyusha ganda la punje na kuacha utelezi unaoshikamanisha donge. Mahindi hayana gluteni kama ngano, hivyo unga wa posho ukikandwa na kusukumwa kuwa mwembamba hupasuka; masa hukandamizwa kuwa duara jembamba, huokwa juu ya kikaango kikavu, na hukunjika bila kukatika. Duara hilo ndilo tortilla, na likikunjwa juu ya kijazo huwa taco.

Pili, chokaa huachilia niasini, yaani vitamini B3, ambayo katika mahindi ya kawaida imefungwa kiasi kwamba mwili huipata kwa shida. Mahindi yalipofika Ulaya bila ujuzi wa chokaa, maskini walioyategemea peke yake waliugua pelagra, maradhi ya ngozi, tumbo na akili. Daktari Gaspar Casal aliyaona Hispania mwaka 1735. Katika Afrika, mwaka 1990 wakimbizi zaidi ya 18,000 wa Msumbiji walioishi Malawi waliugua pelagra baada ya karanga kukosekana katika mgao wao uliojaa mahindi. Mganda anayekula posho na maharagwe au mchuzi wa karanga, binyebwa, hukingwa na kitoweo hicho, kwa kuwa protini yake huusaidia mwili kujitengenezea niasini.

Tatu, uchemshaji wa chokaa na uoshaji hupunguza sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi yasiyokaushwa vizuri. Sumu hiyo ndiyo iliyoifanya Kenya kuzuia mahindi ya Uganda mwezi Machi 2021. Hata hivyo nixtamal si tiba ya nafaka iliyooza: hupunguza sumu bila kuimaliza, na chokaa ya ujenzi haifai kamwe kupikia.

Unga mkavu wa nixtamal hauuzwi katika masoko ya kawaida ya Kampala. Mpishi huuagiza kutoka nje au huchemsha mahindi mwenyewe. Kazi hiyo ndiyo inayozitenga taco za mahindi na nyingine zote kwenye menyu, na ndiyo sababu mara nyingi hugharimu zaidi au hukosekana kabisa. Mlaji hutambua tortilla ya mahindi kwa harufu yake ya chokaa na moshi, kwa umbo dogo, na kwa namna inavyolegea haraka ikipata mchuzi.

Tortilla ya ngano na chapati

Tortilla ya unga wa ngano ni ya Meksiko pia, lakini ya kaskazini, katika majimbo kama Sonora na Chihuahua, ambako Wahispania walilima ngano. Hukandwa kwa mafuta, husukumwa nyembamba na kuokwa bila kukaangwa. Burrito na quesadilla za migahawa mingi hutengenezwa kwa tortilla hii.

Kampala ina ndugu yake. Chapati iliingia Afrika Mashariki pamoja na Wahindi, zaidi ya 30,000 kati yao wakiwa vibarua waliojenga Reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901. Chapati ya Kampala hukaangwa kwa mafuta, huwa nene na yenye matabaka, na ndiyo msingi wa vyakula viwili maarufu vya kando ya barabara. Rolex ni chapati iliyoviringishwa na mayai ya kukaanga, nyanya, kabichi na kitunguu. Kikomando ni chapati iliyokatwakatwa na kuchanganywa na maharagwe. Burrito ya asubuhi yenye mayai hupikwa kwa mpango uleule wa rolex. Tofauti ni kwamba mafuta ya rolex yamo ndani ya mkate, na ya burrito yamo ndani ya kijazo. Mgahawa unaotumia chapati mahali pa tortilla hupata chakula kitamu lakini kizito, na salsa, yaani mchuzi wa pilipili, haipenyi.

Nachos nazo zilianza kaskazini, mpakani na Marekani. Zilibuniwa katika miaka ya 1940 mjini Piedras Negras na Ignacio Anaya, aliyekaanga vipande vya tortilla na kuvitilia jibini na jalapeño za siki. Fajita na chili con carne ni za Texas. Menyu ya baa, Kampala kama kwingineko, kwa kawaida huelekea upande huu wa mpakani kuliko upande wa kusini, wa Oaxaca au Yucatán, kwa sababu jibini na ngano hupatikana kwa urahisi na huenda vizuri na bia.

Nyama, maharagwe na pilipili

Uganda ni nchi ya walaji wakubwa wa nyama ya nguruwe katika Afrika Mashariki, na jioni ya Wandegeya au Kabalagala hunukia nyama ya kuchoma. Carnitas, nguruwe anayepikwa taratibu ndani ya mafuta yake mpaka alainike, kisha huchambuliwa, humfaa mlaji huyo moja kwa moja. Nyama ya al pastor huwekwa kwenye mhimili wa kusimama na kukatwa vipande vyembamba. Wahamiaji kutoka Lebanon ndio walioipeleka Meksiko mbinu hiyo, na ndiyo ileile ya shawarma inayouzwa Kampala. Cochinita pibil, nyama ya nguruwe ya Yucatán, hufungwa kwa majani ya mgomba na kuivishwa kwa moto wa chini, jambo linaloifananisha na luwombo ya Buganda, ambayo kwa masimulizi ilianza mwaka 1887 katika jiko la Kabaka Mwanga.

Maharagwe ya Kimeksiko huchemshwa, hupondwa na kukaangwa tena, na kwa desturi mafuta yake ni ya nguruwe. Mwislamu au asiyekula nyama anafaa kumuuliza mhudumu kuhusu mafuta hayo, hata pale sahani inapoitwa ya mboga. Tortilla za ngano nazo zinaweza kuwa na mafuta hayohayo.

Ukali wa pilipili hupimwa kwa kipimo cha Scoville. Jalapeño ina vipimo 2,500 hadi 8,000. Pilipili kichaa, ile ndogo ambayo Waganda huiita kamulali, hufika 50,000 hadi 100,000, na habanero, jamii moja na pilipili mbuzi, hufika 100,000 hadi 350,000. Hivyo salsa iliyoandikwa "kali" katika kitabu cha mapishi cha kigeni, ikitengenezwa kwa kamulali, huwa kali mara nyingi zaidi ya ilivyokusudiwa. Ukali huo ni wa kapsaisini, ambayo haiyeyuki vizuri katika maji. Bia haiuzimi, ilhali maziwa na jibini huupunguza.

Kwenye kaunta ya baa

Sheria ya Meksiko inataka tequila itoke Jalisco na sehemu maalumu za majimbo mengine manne, na angalau asilimia 51 ya sukari yake iwe ya agave ya buluu. Chupa iliyoandikwa "100% de agave" haina sukari nyingine. Blanco haikai sana kwenye mapipa. Reposado hukaa miezi 2 au zaidi, añejo mwaka 1 au zaidi. Mmea wa agave huchukua miaka kadhaa kukomaa. Mkonge wa Tanga ni ndugu yake: Richard Hindorf aliuleta Tanganyika mwaka 1893, na katika miche 1,000 aliyoiagiza ni 62 tu iliyopona. Afrika Mashariki, hata hivyo, mkonge hulimwa kwa ajili ya nyuzi, si pombe.

Margarita ya kawaida ni mililita 50 za tequila, 20 za pombe ya machungwa na 15 za maji ya ndimu, kwenye glasi iliyopakwa chumvi mdomoni. Ladha yake husimama juu ya ndimu mbichi. Ya chupa huifanya chungu. Baa fulani huweza kubadilisha tequila kwa Uganda Waragi, inayotengenezwa tangu miaka ya 1960. Kinywaji hicho huwa kizuri, lakini hakina ladha ya agave. Michelada ni bia yenye ndimu, chumvi na pilipili, na lager yoyote nyepesi ya Kampala huifaa. Nile Special, yenye asilimia 5.6 ya kilevi, huipa uzito zaidi.

Kitamutamu na hesabu

Mlo hufungwa kwa flan, maziwa na mayai yaliyogandishwa kwa sukari ya kuunguza, yenye vanila. Vanila ni zao la Meksiko pia. Nje ya nchi hiyo maua yake huhitaji kuchavushwa kwa mkono, kwa njia aliyoigundua mwaka 1841 Edmond Albius, kijana aliyekuwa mtumwa katika kisiwa cha Réunion. Leo wakulima wa Mukono, Kasese na Bundibugyo hufanya kazi hiyohiyo ua kwa ua, na vanila yao huuzwa nchi za nje.

Kodi ya ongezeko la thamani Uganda ni asilimia 18. Menyu nyingine huijumlisha ndani ya bei na nyingine huiongeza mwishoni, wakati mwingine pamoja na ada ya huduma, hivyo maandishi madogo chini ya ukurasa yafaa yasomwe kabla ya kuagiza. Taco huuzwa moja moja au kwa sahani ya tatu, na mbili hazimshibishi mtu mwenye njaa. Sahani ya nachos hutosha watu wawili au watatu. Wanaokuja kwa mara ya kwanza hupata picha kamili ya jiko wakiagiza taco za mahindi, maharagwe na salsa mbili, kwa kuwa hivyo vitatu ndivyo vinavyoonyesha kama mpishi anajua nixtamal, mafuta na pilipili.