Umeme Ukikatika Angani

Abiria anayekaa mbele, kando yangu, hana budi kuangalia zile saa na taa zilizojaa mbele yetu, na mara nyingi huishia kwenye swali lile lile. Mzee mmoja wa Kilindoni aliniuliza vizuri kuliko wote: "Mwanangu, umeme wa humu ukikatika, si tutaanguka?" Nikamjibu, "Hatuanguki, mzee wangu. Ila itabidi tutue mapema." Kila ninachotaka kusema hapa kimo katika jibu hilo.

Ndege ninayorusha ni Cessna 206, yenye injini moja na viti sita, kati ya Dar es Salaam, Mafia na Kilwa. Hofu ya yule mzee naielewa. Nyumbani umeme ukikatika, feni, friji na pampu ya maji husimama pamoja, kwa hiyo mtu hudhani na injini ya ndege itasimama vivyo hivyo. Lakini cheche za injini hii hazitoki kwenye betri. Zinatoka kwenye magineto, kifaa chenye sumaku inayozungushwa na injini yenyewe na kujitengenezea umeme wake. Magineto ziko mbili, na kila silinda ina plagi mbili, moja kwa kila magineto. Nikizima swichi kuu ya umeme tukiwa juu, injini itaendelea kunguruma. Kipima mwendo na kipima kimo navyo hutumia mgandamizo wa hewa ya nje, na dira haihitaji waya wowote. Usukani umeunganishwa na mabawa na mkia kwa nyaya za chuma, si za umeme.

Kinachopotea ni vingine: redio, GPS, taa, na transponda inayowaonyesha waongoza ndege tulipo. Vipima mafuta navyo hulala kwenye sifuri hata kama matangi yamejaa, na rubani asiyelijua hilo anaweza kupata kiwewe cha bure. Ndiyo maana kabla ya kuruka napanda juu ya bawa na kupima mafuta kwa kijiti, kisha naandika saa ya kuondoka.

Jioni moja nilitoka Kilwa Masoko kwenda Dar es Salaam na abiria wanne. Tulipokaribia delta ya Rufiji, taa ya volti ndogo ikawaka. Betri yetu ni ya volti 24, na altaneta inayozungushwa na injini hutoa volti 28 hivi ili kulisha vyombo vyote na kuichaji betri. Taa ile ikiwaka maana yake altaneta imeacha kazi, na kuanzia hapo kila kifaa kinakula akiba ya betri. Kwanza nilihakikisha ndege imetulia na inafuata njia, maana hakuna swichi inayostahili kumfanya rubani aache kuirusha ndege. Kisha nikafungua orodha ya dharura. Zima altaneta, kagua sakiti breka, washa tena. Mara moja tu. Breka ikiruka tena, huirudishi, kwa sababu waya unaopitisha umeme kupita kiasi hupata moto, na moto ndani ya ndege ni balaa kubwa kuliko kukosa redio.

Altaneta haikurudi. Nikaizima kabisa, nikazima taa na redio ya pili, nikabakiza redio moja na transponda. Redio hula umeme mwingi zaidi unapoongea kuliko unaposikiliza, hivyo nilitoa taarifa kwa maneno machache: nani, wapi, tatizo gani, naelekea Mafia.

Nilichagua Mafia kwa sababu ilikuwa karibu, ina uwanja wa lami, na mwanga ulikuwa bado upo. Betri nzima, ikibaniwa matumizi, huweza kukupa kama nusu saa. Betri iliyochoka haikuahidi kitu. Huku kwetu karibu na ikweta jua likishazama unabaki na dakika 20 hivi za mwanga wa kutosha, kisha ni giza tupu. Kijana mmoja alikuwa na harusi ya dada yake kesho yake asubuhi, akanisihi: "Kapteni, si injini inafanya kazi? Twende tu." Nikamwambia, "Inafanya kazi, kaka yangu. Lakini betri ikiisha gizani, ndege nyingine hazitatuona, na mnara hautatusikia." Hakufurahi, na sikumlaumu.

Flapsi za ndege hii, yale mabapa ya nyuma ya mabawa yanayoiwezesha kutua kwa mwendo mdogo, husukumwa na mota ya umeme. Ukizishusha zote halafu betri ikakata roho, hutaweza kuzipandisha endapo utalazimika kuruka tena bila kutua. Nilitua bila flapsi, kwa mwendo mkubwa kidogo, ndege ikaelea juu ya lami muda mrefu kuliko kawaida kabla ya kugusa. Asubuhi fundi alikuta waya uliokatika nyuma ya altaneta.

Kila ninapomkumbuka yule kijana, nakumbuka pia ajali ya Air Illinois, ambayo nadhani kila mwanafunzi wa urubani anapaswa kuisoma. Usiku wa tarehe 11 Oktoba 1983, ndege yao yenye injini mbili, Hawker Siddeley 748, iliondoka Springfield, Marekani, kwenda Carbondale, safari isiyofika saa moja. Muda mfupi baada ya kuruka, jenereta ya kushoto ikafa. Rubani msaidizi, kwa makosa, akaitenga ya kulia iliyokuwa nzima. Springfield ilikuwa bado nyuma yao, karibu kabisa. Nahodha akaamua kuendelea kwa betri. Betri iliisha wakiwa ndani ya mawingu, usiku, vyombo vikazimika, na watu wote 10 waliokuwemo wakafa karibu na Pinckneyville. Wachunguzi waliutaja uamuzi wa kuendelea na safari badala ya kurudi kuwa chanzo cha ajali. Injini zilikuwa zinafanya kazi.

Nisiwadanganye pia kwamba kila ndege ndogo ni kama yangu. Diamond DA42 ina injini za dizeli zinazoendeshwa na kompyuta, na kompyuta haiwezi kufanya kazi bila umeme. Mwaka 2007 huko Speyer, Ujerumani, moja iliwashwa kwa umeme wa nje kwa kuwa betri yake ilikuwa imeisha. Iliporuka na kuanza kukunja magurudumu, volti ikashuka na injini zote mbili zikazimika. Rubani wa ndege ya namna hiyo haondoki na betri dhaifu, hata aharakishwe vipi.

Redio ikifa kabisa, bado tuna njia za kuelewana na mnara. Maadamu transponda ina umeme, rubani huweka namba 7600, inayojulikana duniani kote kuwa ni ya ndege iliyopoteza mawasiliano. Akikaribia uwanja wenye mnara, huangalia taa inayomulikwa kwake: kijani isiyokatika ni ruhusa ya kutua, nyekundu isiyokatika ni pisha wengine uendelee kuzunguka, na nyekundu inayopepesa ni usitue, uwanja si salama. Mchana hujibu kwa kutikisa mabawa. Mfukoni nina tochi, na kwenye mkoba nina redio ya mkononi yenye betri yake.

Nanyi abiria mna sehemu yenu. Rubani akiwaambia mnatua Mafia badala ya Dar es Salaam, msimsihi, msimkumbushe harusi wala mkutano. Mpigieni simu anayewasubiri, mwambieni mtachelewa hadi kesho.