Busia: paa moja, wakubwa wengi

Tangu Februari 2018, Marais Kenyatta na Museveni walipozindua kituo cha pamoja cha Busia, mwenye mzigo husimama mara moja tu, upande wa nchi anayoingia. Malaba, wilayani Tororo, mpango ni huohuo.

Kujenga ofisi kulikuwa rahisi. Kazi ni kuwafanya maofisa wa forodha, uhamiaji na viwango wakague lori pamoja, ilhali wakubwa wao wako Nairobi na Kampala. Machi 2021 barua moja ya Nairobi ilizuia mahindi ya Uganda kwa hofu ya sumukuvu; paa la pamoja halikusaidia kitu. Siku chache baadaye yakaruhusiwa, kwa masharti.

Mwenye mzigo usiozidi dola 2,000, wa bidhaa zilizo kwenye orodha ya Jumuiya, adai cheti rahisi cha uasili palepale mpakani.